Hukumu ya Kutunga Visa kwa Msaada wa Akili Mnemba

Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Baadhi ya vijana wetu wanaoandika visa na riwaya wameanza kutumia programu za akili mnemba, kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022. Kijana huiambia mashine imwandikie kisa cha yatima aliyedhulumiwa mirathi, nayo humwandikia kurasa kumi kabla chai yake haijapoa. Kisha hutia jina lake juu na kumpelekea mchapishaji. Je, hukumu yake ni ipi?

Kwanza tuondoe shaka moja. Kisa cha kubuni hakiwi uongo kwa sababu tu hakikutokea, maadamu msomaji anajua kuwa kimebuniwa. Katika karne ya pili Hijria Ibnul Muqaffa' alitufasiria kwa Kiarabu Kalila wa Dimna, ambamo wanyama wanazungumza. Naye Al-Hariri wa Basra (446–516 H) alitunga Maqamat hamsini, akabuni msimulizi na kumpa jina, na wanazuoni wakazisomesha kwa karne nyingi kwa ajili ya lugha yake. Wako waliomkosoa, akiwemo Ibnul Khashshab wa Baghdad, lakini kitabu hakikuachwa.

Huyu Al-Hariri ana habari inayotuhusu leo. Ibn Khallikan anaieleza hivi: Al-Hariri alifika Baghdad akiwa na Maqamat arubaini. Watu wakasema si zake, bali ni karatasi za mtu wa Maghrib aliyefia Basra. Waziri akamwita, akamtaka aandike risala hapo hapo juu ya jambo alilomtajia. Al-Hariri akachukua wino na karatasi, akajitenga pembeni, akakaa muda mrefu bila kupata neno. Akainuka kwa haya. Aliporudi Basra akatunga kumi nyingine na kuzipeleka, akitoa udhuru kwamba alishikwa na haiba ya baraza.

Basi tazama, ndugu msomaji: siku ile hakuulizwa kama visa vilitokea. Aliulizwa ni vya nani. Na swali hilo ndilo mashine imeturudishia.

Allah (S.W.) katika Suratu Aali Imran aya ya 188 anawaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Na katika Hadithi ya Bibi Asma bint Abi Bakr (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimfananisha mwenye kujionyesha kwa asichopewa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Sioni mlango wa kumtoa humo anayeuza kisa cha mashine kwa jina lake. Akiingia nacho kwenye mashindano, ameongeza ghushi, kwani amechukua zawadi iliyowekewa mtunzi. Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani lilisimamisha kupokea visa kwa muda kwa wingi wa vilivyotungwa na mashine. Waandishi wa kweli nao wakafungiwa mlango.

Ama anayeitumia kusahihisha tahajia, au kutafuta jina la mhusika, huyo hana tofauti kubwa na anayemsomea rafiki yake na kupokea rai. Akichukua aya nzima, aseme. Rie Kudan wa Japani, aliyepata tuzo ya Akutagawa Januari 2024, alisema mwenyewe kuwa kiasi cha asilimia 5 ya riwaya yake ni maneno ya mashine. Watu walibishana naye, lakini hakuficha.

Lipo jambo zito kuliko hilo. Mashine hii hukokotoa neno gani linaelekea kufuata neno lililotangulia. Haina nia, wala si mukallafu, wala haitofautishi Hadithi sahihi na maneno ya kubuni. (Lugha yetu nayo inaita vyote viwili hadithi.) Ukiiagiza kisa cha Sahaba kwa ajili ya watoto wa madrasa, inaweza kumtia Mtume (s.a.w.) kinywani maneno asiyoyasema, tena kwa ufasaha na kwa kutaja jina la kitabu. Ibnul Jawzi aliandika juu ya wasimuliaji wa misikitini waliofanya mfano wa hayo. Katika mlango huu rai yetu ni kwamba mashine isitumike kabisa kutunga; na maimamu wakague vitabu vya watoto kabla ya kuvipokea.

Ipo pia haki ya waandishi ambao vitabu vyao vililishwa mashine bila idhini. Jopo la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao cha Kuwait Desemba 1988, liliamua kuwa haki ya utunzi inalindwa kisharia. Mas'ala hayo yanahitaji makala yake.

Na aliyekwisha kupokea zawadi kwa kisa kisicho chake, toba yake haitimii kwa istighfari peke yake. Awaeleze waandaaji, arudishe fedha. Na ikiwa imejulikana nani alikuwa wa pili, hao waandaaji wampe haki yake.