Wanaofaulu, na wale wasiofika chumba cha mtihani

Kila Januari, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, simu za wazazi wa Ukerewe, Sengerema na Magu hazipumziki. Shule yetu ina divisheni wani ngapi? Ziro ngapi? Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutaja shule kumi bora kitaifa, lakini matokeo ya kila shule bado yako wazi, na watu hujipangia orodha wenyewe: Bwiru juu, shule ya kata ya kisiwani chini.

Orodha hiyo haizitendei haki shule za kata. Bwiru ni jina kongwe, lenye mabweni na wanafunzi walioteuliwa. Shule ya kata hupokea watoto wa vijiji vinavyoizunguka, kama walivyo. Nyingi zilizaliwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakachanga fedha, na kufikia 2010 nchi ilikuwa na sekondari zaidi ya 4,200, kutoka kama 1,300 tu. Kuta zilipanda haraka kuliko walimu walivyopatikana. Deni hilo lilidaiwa hadharani Februari 2013: katika matokeo ya mtihani wa 2012, zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata ziro. Serikali iliunda tume, na matokeo yakapangwa upya.

Tangu hapo asilimia za ufaulu zimepanda sana. Ni vizuri kujua zinahesabu nini.

Divisheni hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mwanafunzi. A ni pointi 1, F ni pointi 5. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, na hiyo ni divisheni foo: amefaulu. D yenyewe huanzia alama 30. Lakini mlango wa kidato cha tano unataka angalau masomo matatu yenye C au zaidi. Mtoto anaweza kuingia kwenye hesabu ya waliofaulu na bado akabaki nje ya mlango huo.

Kuna kundi jingine lisiloonekana kabisa. Chukua mfano wa shule iliyopokea watoto 150 kidato cha kwanza, ikafikisha 70 kwenye mtihani, wakafaulu 63. Itaandikiwa asilimia 90, na mkuu wa shule atapongezwa. Wale 80 hawamo popote kwenye karatasi ya matokeo, na hao ndio wanaopaswa kuuliziwa kwanza.

Kandokando ya ziwa, wengi wao huvutwa na dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwakusanya juu ya maji. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Kijana wa kidato cha tatu aliyekesha ziwani hufika mwaloni alfajiri, akashusha mzigo na kupewa chake mkononi. Kengele ya namba inapolia, yeye ndiyo kwanza anatafuta pa kulala. Dada yake yuko kwenye vichanja, anaanika. Giza hilo hurudi kila mwezi kwa usiku kadhaa mfululizo, na kila somo lililompita linazidi kumweka nyuma ya wenzake.

Anayetoka kijiji cha mbali hupanga geto karibu na shule. Hapo hujipikia, hujiamsha, na hana mzazi wa kumuuliza alirudi saa ngapi. Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Hadi Novemba 2021 aliyepata mimba alifukuzwa moja kwa moja. Ndipo serikali ikaruhusu warudi darasani. Ulikuwa uamuzi wa haki, uliochelewa mno.

Wanaobaki wanakutana na Kiingereza. Baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili, Januari ya kidato cha kwanza masomo karibu yote hubadilika lugha, kwa mtoto ambaye huenda nyumbani anaongea Kikerewe, Kijita au Kisukuma. Hisabati ndiyo inaumiza zaidi: mwaka 2022, nchini kote, karibu mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyeifaulu. Shule isiyo na mwalimu wa somo hilo haiwezi kutegemea kambi ya masomo ya miezi miwili kabla ya mtihani.

Na mwalimu huyo ni vigumu kumpata na kumbakiza. Wanafunzi nao wameongezeka: kufutwa kwa ada mwaka 2016 kulijaza madarasa, na mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, umejenga sekondari mpya ili kupunguza mwendo wa kwenda shule. Kwa Sengerema, Daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3, lililofunguliwa 19 Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko. Ukerewe hakuna daraja la namna hiyo. Mwalimu anayepangiwa kisiwa cha Ukara bado anavuka maji yale yale ambayo tarehe 20 Septemba 2018 yalimeza kivuko cha MV Nyerere na watu zaidi ya 220. Akifika salama, anahitaji nyumba ya kuishi jirani na shule na mshahara usiochelewa, la sivyo barua ya uhamisho huandikwa kabla mwaka haujaisha, na darasa la hisabati linabaki na daftari tupu.