Mbolea haikupotea, udongo umeishika

Ndugu wakulima, kila msimu swali linarudi: tumenunua DAP kwa pesa mingi, tumeimwaga shambani, lakini mahindi bado iko mafupi na majani yana rangi ya zambarau. Mbolea imeenda wapi?

Haijaenda mbali. Udongo umeishika.

Angalieni vumbi la Bunia wakati wa kiangazi. Likifika kwenye shati nyeupe, linashikamana na nyuzi, na kulitoa ni kazi. Udongo mwekundu wa milima ya Djugu na Mahagi unafanya vile vile na fosfori. Ile rangi nyekundu ni kutu ya chuma. Kutu hiyo, pamoja na aluminiamu, inavuta fosfori na kuishika juu ya kila chembe. Na chembe ni ndogo sana, njo maana nafasi ya kushikia ni kubwa: gramu moja tu ya udongo wa mfinyanzi inaweza kuwa na uso wa meta za mraba 10, kama sakafu ya chumba. Kwa hiyo, msimu wa kwanza, mmea mara nyingi unapata chini ya robo ya fosfori uliyoweka.

Kwenye mfuko wa DAP imeandikwa 18-46-0. Ile 46 ni fosfori, njo unailipia zaidi. Ukiimwaga shamba zima, unalisha udongo mbele ya mahindi. Tufanye hivi:

1. Weka DAP ndani ya shimo, kifuniko kimoja cha soda kwa mbegu mbili za mahindi. Funika na udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Mbolea ikigusa mbegu, inaiunguza.

2. Changanya mavi ya ngombe yaliyooza ndani ya shimo. Yanakalia nafasi ambazo zingeshika fosfori, na fosfori inabaki kwa mizizi.

3. Majivu yanapunguza ukali wa udongo, lakini yatie wiki kadhaa mbele ya kupanda. Usiyachanganye na DAP: ile harufu kali utakayosikia ni azoti inaruka hewani.

Msimu huu, kila koperative ichague shamba moja. Mistari mitano mmwage kama zamani, mitano muweke kwenye mashimo, mbolea kipimo kile kile. Siku ya kuvuna, pimeni kilo mbele ya wanamemba wote. Mzani utawaambia namna ya kutumia mfuko unaofuata.