Binti Anayegawa Mbege Usiku

Huku Uchagani, Kilimanjaro, mbege si kitu cha kuficha. Ndizi mbivu hupikwa, huachwa zichache, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na wazee hukaa na kata zao. Posa, matanga na upatanisho vyote vina mbege yake. Wala siandiki kumlaumu mama apikaye. Twajua kwamba sare na madaftari ya watoto wengi hutoka katika pipa lile. Mimi nauliza neno jingine: saa mbili za usiku, ni nani agawaye pombe hiyo?

Mara nyingi ni binti wa shule. Ametoka darasani, amechota maji, sasa ashika kata. Mnywaji akifika humwita “mwanangu”. Akishakunywa ya tatu humwita “mchumba”, naye humwachia chenji. Kisha humwambia, “Onja kidogo, hiki ni chakula tu.” Binti aonja. Mama yupo jikoni, hatua kumi tu, akichochea moto.

Kileo huondoa hofu na aibu kabla mtu hajaanza kuyumba. Kwa hiyo aonekanaye mzima aweza kuwa hana tena nguvu ya kukataa, au ya kujizuia. Kahawa haimrudishii akili, wala maji baridi. Ini hufanya kazi yake polepole, halikubali kuharakishwa. Tena kata ile ile hulewesha mwili mdogo upesi kuliko wa mtu mzima.

Vijana wa kiume nao walikuwa na viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyoingia mfukoni mwa kaptula mwalimu asione. Serikali ilivipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Lakini gongo ingalipo, na asiyejua imechemshwa na nani hajui anakunywa nini. Katika Kenya, Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 60 kwa siku chache, na wengine ikawapofusha.

Wako wasemao, “Binti mwenyewe alitaka.” Sheria ya Tanzania haiwasikilizi. Tangu 1998, kulala na msichana wa shule aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, hata kama amekubali. Na tangu 2016, ampaye mwanafunzi mimba adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Hata hivyo jamaa nyingi humaliza shauri nyumbani kwa mbuzi na debe la mbege. Mbege ile ile! Kisha mtoto huletwa parokiani kubatizwa, nami karani nikifika mahali pa kuandika jina la baba, watu wote huangalia chini.

Mama anayepika aweza kuuza mchana na kufunga mapema, na mtu mzima ashike kata. Binti na akalale kwa shangazi yake usiku wa pombe. Fedha itapungua kidogo, sikatai.

Na yakitokea, msimwogeshe binti, wala msingoje kikao cha ukoo. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa siku 28. Akiwa amepata mimba, shule haikumfungia mlango: tangu Novemba 2021 huruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua.