Kutoka Hazina hadi Shuleni: Ufanisi wa Matumizi ya Serikali katika Ruzuku za Elimu ya Msingi nchini Uganda

Bajeti inayopitishwa na bunge ni tamko la nia. Haithibitishi kwamba fedha zimemfikia mwananchi aliyekusudiwa. Kwa hiyo, tofauti kati ya fedha zilizotolewa na fedha zilizopokewa ni kipimo cha msingi cha ufanisi wa matumizi ya umma. Makala hii inafafanua kipimo hicho kwa kurejelea ruzuku za shule za msingi nchini Uganda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Uganda iliongeza matumizi katika elimu ya msingi, lakini takwimu rasmi za uandikishaji wa wanafunzi zilionekana kudumaa. Mwaka 1996 ulifanyika uchunguzi wa kufuatilia fedha hizo katika shule 250. Kumbukumbu za serikali kuu zililinganishwa na hesabu za shule zenyewe za mwaka 1991 hadi 1995. Kwa mujibu wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson, kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku isiyo ya mishahara iliyozifikia shule, na shule nyingi hazikupata chochote. Sehemu kubwa iliishia katika ngazi ya wilaya. Aidha, hesabu za shule zilionyesha kwamba idadi ya wanafunzi ilikuwa ikipanda. Hivyo takwimu rasmi zilipotosha kuhusu fedha na kuhusu matokeo yake.

Chanzo kikuu cha uvujaji huo kilikuwa ukosefu wa taarifa. Mwalimu anaujua mshahara wake, na usipofika hulalamika. Ruzuku, kinyume chake, haikuwa na mdai, kwa kuwa walimu wakuu na wazazi wengi hawakujua kiasi walichostahili. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hasara iliwaangukia zaidi maskini: shule za jamii zenye kipato cha chini zilipata sehemu ndogo zaidi, na wazazi waliendelea kuzigharimia kwa michango yao.

Baada ya matokeo hayo, serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikizifikia shule.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayawezi kuhusishwa na magazeti pekee. Mwaka 1997 ulianza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ruzuku ziliwekewa masharti ya matumizi, na usimamizi wa wizara ukaimarishwa. Paul Hubbard, katika uchambuzi wake wa mwaka 2007, alisisitiza uzito wa mageuzi hayo. Kwa msingi huo, taarifa huleta ufanisi pale ambapo kiwango cha stahiki kinajulikana, mpokeaji anatambulika, na malalamiko yana mahali pa kusikilizwa.

Kufika kwa fedha shuleni si sawa na mtoto kujua kusoma. Hilo linahitaji kipimo chake. Lakini bila kupima kwanza kinachofika, serikali inaweza kulaumu uchache wa bajeti ilhali tatizo liko njiani, na nyongeza yoyote ikafuata njia ileile.