Machungwa mabovu yampa jina: 'Mtalii Mwehu'!

UMEWAHI kutua mji usioujua, huna ndugu wala rafiki, na kila anayekupita anakuona mshamba tu? Basi jamaa huyu ni mwenzako.

Anaitwa Gabriel Orozco, msanii wa Mexico, mzaliwa wa 1962. Mwaka 1991 alikuwa Cachoeira, mji mdogo wa Bahia, Brazil. Alikuta soko limefungwa, meza za mbao ziko tupu, machungwa mabovu yameachwa. Mgeni wetu akayaokota, akaweka moja moja juu ya meza, kisha akapiga picha. Wenyeji hoi! Wakamwita 'turista maluco', yaani mtalii mwehu. Wala hakununa. Jina hilohilo akaipa picha yake.

Mwaka 1993, safari hii New York, aliokota mbao na takataka, akaziegemeza kwenye kizuizi cha zege zikafanana na maghorofa ya Manhattan yaliyoonekana kwa mbali, yakiwemo yale mapacha ya World Trade Center. Maghorofa mapacha yakaanguka Septemba 11, 2001. Mji wake wa mbao nao haukujengwa udumu. Picha ndiyo iliyobaki.

Kiboko ni Berlin, 1995. Alinunua skuta ya njano aina ya Schwalbe, iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki ya zamani. Kazi ikawa kuzunguka mitaani. Akiiona nyingine ya njano, anaegesha yake ubavuni kama ndugu waliopotezana, anapiga picha, huyoo anaondoka. Picha zikafika 40, na mji akaujua mtaa kwa mtaa.

Najua kuna watakaouliza, chungwa bovu nalo ni sanaa? Haya, tubishane kijiweni. Lakini kuna jambo hapa la kutufaa.

Wengi wetu tukiingia mjini tunahangaika kuuficha ugeni. Lafudhi tunabadili, njia tunaona haya kuuliza, mwisho tunapotea kweli. Orozco hakujificha. Aliinama, akaokota kile wenyeji walichokitupa, akawaonyesha upya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja mikono mitupu na bado akaacha kitu.

Kwa hiyo wewe uliyeshuka stendi jana na begi lako, wiki ya kwanza wakikuita mwehu, usilie. Tazama kwanza chini hapo miguuni, wenyeji wameacha nini.