Fahamu: Nyigu mdogo aliyeihifadhi mihogo ya Afrika

Nyigu aitwaye Anagyrus lopezi, ambaye urefu wake hauzidi milimita mbili, asili yake ni Amerika ya Kusini, na lau si kidung'ata wa muhogo, aliyezuka Kongo mapema katika miaka ya 1970 na kuyahilikisha mashamba, nadhani wangalimjua wataalamu wachache tu. Nyigu jike humdunga kidung'ata na kutia yai mwilini mwake. Buu, akiisha kuanguliwa, humla mwenyeji wake angali hai, hata lisalie gamba kavu, ambalo nyigu mpya hulitoboa akatoka. Ni ukatili, la shaka, lakini wenye manufaa: mwaka 1981 aliletwa kutoka Paraguay akaachiliwa Nigeria, kisha akaenezwa katika nchi nyingi zilimazo muhogo, na Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.