Sinema ya Kutisha Isiyo na Zimwi

Mtu wa Mombasa akifika Kericho, kitu cha kwanza kinachomshangaza si kijani cha majani chai bali ni sauti ya maji. Kwetu sisi maji ni jambo la kungojewa. Mferji hukohoa hewa, madumu hupangwa mlangoni, na sikio hutegwa kusikia mkokoteni wa muuza maji ukiingia mtaani. Kericho, ambako ardhi imeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji hayangojwi. Siku nyingi za mwaka, adhuhuri ikishapita, mawingu hujikusanya upande wa msitu wa Mau, radi hunguruma, na alasiri huikuta mvua iko juu ya mabati, pengine na mawe yake.

Katika mvua ya namna hiyo ndipo nilipoitazama filamu iitwayo Pumzi. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu wa Kikipsigis, alikuwa nayo katika kompyuta ya mwanawe. Tulifunga madirisha, tukamiminiwa chai ya maziwa, tukaanza. Mara mvua ikashika kasi, na mwalimu akainuka kuongeza sauti.

"Hatusikii kitu, bwana," alisema.

"Huenda hakuna cha kusikia, mwalimu," nilimjibu.

Nilisema kwa mzaha, lakini baadaye niliona kwamba jibu lenyewe lilikuwa ndilo. Filamu ile imejengwa kwa vitu vilivyoondolewa. Imeondolewa maji, ikaondolewa kijani, ikaondolewa hata sauti ya mwanadamu. Na hofu yake yote inatoka hapo.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuiona, Pumzi ni filamu fupi, ya dakika ishirini na kitu tu, iliyokamilika mwaka 2009. Mtungaji na mwongozaji wake ni Wanuri Kahiu, binti wa Kenya, ambaye mwaka uliotangulia alikwisha toa From a Whisper, filamu iliyohusu mlipuko wa bomu la Nairobi wa mwaka 1998. Pumzi ilipigwa Afrika Kusini, na Januari 2010 ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani. Kisa chake kimewekwa miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo humo vinaitwa Vita vya Maji. Nje ni jangwa tupu. Watu waliosalia wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo moja lililofungwa, liitwalo Maitu, neno la Kikuyu lenye maana ya mama. Msichana Asha, mtunza makumbusho ya viumbe vilivyokwisha toweka, siku moja analetewa udongo asiojua umetoka wapi. Anaupima, anaukuta una unyevu. Anapanda ndani yake mbegu ya zamani, nayo inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje autafute mahali ulipotoka udongo huo. Wakubwa wanamkatalia.

Je, hii ni sinema ya kutisha? Wale waliokulia katika viti vya Regal na Naaz watasema la. Wao wanajua sinema ya kutisha ni zimwi, damu na ukelele. Lakini tukichunguza vizuri, hata sinema za mazimwi hazitishi kwa zimwi lenyewe. Chukua Alien ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa sinema za kutisha za anga za juu. Mnyama wa filamu ile alikuwa kijana wa Kinigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa mjini London, mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili, aliyevishwa vazi la mpira. Mwongozaji alijua kwamba watazamaji wakipewa muda wa kumkodolea macho wataliona vazi. Kwa hiyo akamficha kizani, akaonyesha huku mkono, kule meno, kule kivuli. Katika filamu inayokaribia saa mbili, mnyama huonekana dakika chache tu. Zilizobaki ni mlio wa mitambo, matone yanayodondoka, na mlango ambao hatujui nyuma yake pana nini.

Mwalimu hakuona jambo geni katika maelezo haya. Wanandi na ndugu zao Wakipsigis wanalo zimwi lao, Chemosit, ambalo Mwingereza Hollis aliliandika katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909. Ni nusu mtu, nusu ndege, lina mguu mmoja, na mdomo wake mwekundu hung'aa usiku kama taa. Huimba gizani, na watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakaufuata. Mwalimu aliniambia kwamba utotoni hawakuwahi kuliona. Kila walipouona mwanga ng'ambo ya mto, ilitosha. Taa moja na sauti moja: kwa vitu hivyo viwili bibi aliyekaa jikoni aliwaweka ndani wajukuu wote wa kijiji. Wanuri Kahiu naye anavitumia vitu hivyo hivyo viwili, isipokuwa yeye hakuweka zimwi lolote nyuma yake.

Rangi

Tuanze na macho. Ndani ya Maitu rangi ni chache mno: kijivu, nyeusi, na weupe wa taa zisizozimwa. Hakuna dirisha linaloonyesha kitu chenye uhai. Nje ni hudhurungi ya mchanga mpaka upeo wa macho. Kijani kinatokea kwanza ndotoni, katika mti mmoja ambao Asha anauona akiwa amelala, halafu katika ule mche mdogo. Mtazamaji anapouona mche huo, jicho lake lenyewe lina kiu. Mwongozaji amelinyima rangi kwa makusudi, ili jani moja lipate thamani ya msitu mzima.

Kahiu alizichunguza sinema za miaka ya 1950, ambazo mandhari yake yalichorwa kwa mkono au kurushwa kwenye pazia nyuma ya mwigizaji, akaona undugu baina ya ufundi huo na kazi za mikono za Kiafrika. Ndiyo maana jengo la Maitu linaonekana kama kitu kilichofinyangwa zaidi kuliko kilichojengwa. Haidhuru kwamba fedha zilikuwa kidogo. Uchache unafaa katika hadithi ya uchache.

Sauti

Sasa masikio. Watu wa Maitu hawafungui midomo kuzungumza. Maneno yao hutolewa na mashine, kwa sauti tulivu isiyo hasira wala huruma. Asha akiota, mashine inamwarifu kwamba ndoto imeonekana na inamtaka ameze dawa ya kuzuia ndoto. Hakuna anayemfokea. Sauti ile ingalikuwa kali, tungalimwona adui, tukamchukia, tukapumua. Kwa kuwa ni ya upole, hatuna wa kumchukia, na hofu inabaki kifuani haina pa kutokea.

Jina la filamu ni neno letu, nalo si pambo. Mahali ambapo hakuna upepo, ndege wala mto, sauti pekee ya mwili wa binadamu inayobaki ni pumzi zake. Asha anapofika jangwani, akitembea na joto limemkaba, sisi watazamaji hatupewi hotuba. Tunapewa mtu anayehema.

Nilipotoka nje asubuhi iliyofuata niliwasikia wachumaji katika mistari ya chai, wakiitana na kucheka huku wakidonoa yale majani mawili na chipukizi. Mbele kidogo ilinguruma mashine ya kuchumia. Mashine hizo zimekuwa chanzo cha ugomvi mkubwa huko, hata Mei 2023 waandamanaji wakachoma kadhaa. Uchungu wao ni wa mkate. Hata hivyo, baada ya Pumzi nilisikia na jambo jingine: mahali palipokuwa na maneno sasa pana mlio mmoja tu.

Mkasi

La tatu ni mkasi, yaani namna picha zinavyokatwa na kuunganishwa. Sinema nyingi za kutisha hukata upesi ili kushtua. Pumzi inakata ili kuhesabu. Kuna mahali Asha yuko msalani, na tunaonyeshwa hatua kwa hatua jinsi mkojo wake unavyopita katika chombo cha kusafishia na kurudi kuwa maji ya kunywa. Jasho nalo hukusanywa, halitupwi. Picha ni fupi fupi, kila moja na kitendo chake, kama karani anayeandika daftari.

Sitaficha kwamba hapa ndipo nilipotishika kuliko mahali pengine popote. Msomaji aliyelelewa katika kutofautisha tohara na najisi, anayejua kutia udhu mara tano kwa siku, atajiuliza swali ambalo filamu haikulitamka: watu hawa wanatawadha na nini? Kwa mtu wa kwetu, dakika ile msalani ina kutisha kuliko meno ya mnyama yeyote wa anga za juu.

Kisha mwishoni mkasi unapumzika. Asha ameupanda mche mchangani, ameupa maji yake ya mwisho, na amejilaza juu yake ili mwili wake uwe kivuli. Kamera inapanda juu taratibu kama mwewe. Asha anazidi kuwa mdogo, mti unakua pale alipolala, na picha inaendelea kufunguka hadi tunauona msitu pembezoni. Hakuna mkato unaotuambia muda umepita. Miaka inapita ndani ya picha moja. Baada ya filamu nzima ya kuhesabu matone, ukarimu huu wa muda unamshika mtu koo.

Wengi wetu tumeisikia darsani ile nasaha kwamba hata Kiyama kikiwa kimekaribia, mwenye mche mkononi na aupande. Sijui kama mtungaji aliwahi kuisikia. Lakini mtazamaji wa pwani hataacha kuikumbuka.

Kasoro ipo. Asha hatumjui vya kutosha. Hana mama, hana jirani, hana deni. Mwanamke msafishaji anayemsaidia kutoroka anatoweka kabla hatujajua kwa nini alihatarisha nafsi yake. Filamu ya dakika ishirini haiwezi kubeba yote, lakini nadhani dakika tano zaidi kwa mwanamke yule zingalifaa kuliko baadhi ya mitambo tuliyoonyeshwa.

Mvua ilipotulia, mwalimu hakuzungumza habari za sinema. Alizungumza habari za Mau. Mwaka ule ule wa 2009 ambao Pumzi ilikamilika, kikosi maalumu cha serikali kilitoa ripoti kuhusu msitu huo: katika miaka kama ishirini ulikuwa umepoteza takriban hekta 107,000, robo yake nzima. Kutoka Mau hushuka Sondu uendao Ziwa Viktoria. Hushuka pia Nyangores, upitao mjini Bomet, ambao ukiungana na Amala huwa mto Mara, nao huvuka Serengeti nchini Tanzania. Familia zilizolima humo zimehamishwa zaidi ya mara moja, na katika zamu za mwaka 2018 na 2019 wako waliosema wana hati za mashamba yao. Mwalimu ana jamaa miongoni mwao. Anautaka msitu, na anawataka jamaa zake, na hajaona wakubwa wanaoweza kumpa vyote viwili.

Sisi wa Mombasa tusidhani hayo ni ya bara. Maji ya Mzima yanayotufikia kwa bomba hunyesha kwanza juu ya vilima vya Chyulu, mbali na macho yetu, na mwenye kukata mti kule hasikiki Kisauni.

Nilipoagana na mwalimu alinitolea mche wa mti wa kwao, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni na udongo wake mweusi. Nilimwambia kwamba joto la pwani litauua. Akasema kwamba yeye hajui, mimi niujaribu. Nilisafiri nao usiku kucha mapajani. Umo uani sasa, majani mawili yamenyauka na moja limesimama, na kila asubuhi naugawia katika dumu la kwanza.